Chafya Ndani ya Gunia

Gunia lilipiga chafya, na baba yangu akapandishwa lori. Hivyo tu. Tulikuwa tumekalishwa chini kwenye uwanja wa Mutuini, kijiji kizima, jua linachoma utosi. Kando ya afisa mzungu tuliyemwita Kihara kwa sababu ya upara wake, kulikuwa na mtu juu ya stuli, amefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Mnapita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likiinamisha kichwa, wewe ni Mau Mau, unaenda. Likitulia, unarudi kuketi. Asubuhi hiyo watu wengi walipita na gunia likatulia tuli. Baba alipofika mbele yake, chafya ikatoka, kichwa kikashuka mpaka magotini.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na chafya hiyo niliijua kama ninavyojua kikohozi cha mama yangu. Ilikuwa ya Njuguna, rafiki yangu.

Ninyi wa rika langu mnajua tulivyokuwa kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Gari letu lilikuwa ringi ya baiskeli isiyo na spoku na kijiti cha kuisukumia. Mimi na Njuguna tulikuwa tunakimbiza ringi zetu kutoka Mutuini mpaka Uthiru, mabondeni na vilimani, miguu mitupu, vidole vimeliwa na funza, tukaone tu malori kwenye barabara kubwa halafu turudi. Tukirudi tunakula githeri baridi, mahindi na maharagwe, kwenye jani la mgomba, na mapera ya kuiba. Leo mtoto wa dada yangu ukimtuma kiberiti anauliza kama ni lazima aende yeye. Suruali imembana hata kuchuchumaa hawezi, kaseti inapiga kelele mchana kutwa. Juzi alilala siku mbili, hali, hasemi, ati msichana amemnunia na akili yake imechoka. Nikamwambia, kijana, akili iliyochoka mimi naijua, nitakupeleka uione.

Kitu kimoja Njuguna hakuweza ni unga. Mama zetu walikuwa wanatutuma kusaga mahindi kwa Singasinga mmoja kule Dagoretti, na vumbi la mashine likimgusa pua anapiga chafya tatu, kila moja inamkunja katikati. Tulimcheka sana. "Njuguna, unasalimia nani huko chini?" Naye akipata pumzi anajibu, "Namsalimia babu yako, anauliza utaoga lini." Kwa hivyo debe lake la mahindi niliingiza mimi, yeye akabaki nje kulinda ringi. Mama yake alikuwa ananiambia, "Wewe baba, usimwache mwenzako aingie humo." Mimi mtoto mdogo kuitwa baba, nilikuwa naona nimekuwa mtu.

Baba yake alikuwa amekufa. Baba yangu alikuwa mbebaji katika duka la Mhindi la misumari na mabati, River Road mjini Nairobi, na Jumamosi akirudi alikuwa anatuletea mkate. Zile ncha mbili za mkate, moja yangu, moja ya Njuguna. Hakuwahi kusahau ya Njuguna. Huyo ndiye mtu aliyesimama mbele ya gunia.

Sasa nitaje majina, maana wengine hapa mnapenda kusema "walikuja wakatuchukua" kama vile ni mvua. Hedimani wetu, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na wazungu, aliitwa Muchemi. Bado anaitwa Muchemi. Mtu wake wa kuvaa gunia alikuwa amemtoroka, na Kihara alikuwa njiani anakuja kuona kazi. Muchemi alikuwa amemfungia mama yake Njuguna kwenye kambi ya homgadi, wale askari weusi wa mzungu, kisa mtoto wake mkubwa yuko msituni na Mau Mau. Akamkuta Njuguna mtoni, akamvalisha gunia, akamfunga kamba kiunoni. Akamwambia hivi, na mama yake, aliyeambiwa na Njuguna kabla hajaacha kusema, alimsimulia mama yangu neno kwa neno: "Kijana, kaa tu. Usitingishe kichwa kwa mtu yeyote. Mzungu akiondoka, mama yako anatoka."

Na gunia lenyewe lilikuwa la unga. Hata kulikung'uta hakulikung'uta.

Njuguna alijitahidi. Fikiria mtoto anavuta unga kwa kila pumzi, anaikaza pua, anawaokoa majirani mmoja baada ya mwingine kwa kutotikisika tu. Mpaka ikamshinda. Uwanja mzima ulisikia chafya. Kihara mwenyewe alisikia, akageuka akauliza kwa kile Kiswahili chao, "Hii nasema ndiyo, ama naumwa pua tu?"

Muchemi angeweza kusema ni pua. Neno moja. Lakini angesema pua, mzungu angefunua gunia na kukuta mtoto, na Muchemi angechekwa. Akapiga saluti akasema, "Amekubali, afande. Ndiye huyo."

Baba hakurudi. Hatukuonyeshwa kaburi.

Mama yake Njuguna aliachiliwa jioni. Njuguna naye alianza kwa kukataa ugali. Halafu akawa anashika kidevu kwa mikono miwili akitembea, kichwa kisishuke. Ukimuuliza kama amekula, hawezi kuitikia kwa kichwa wala kwa mdomo, anakodoa macho tu. Siku moja tulimkuta amejifunga shingo kwenye mti kwa mkanda, amesimama wima, ametulia. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili akarudi, akapelekwa akarudi. Kusema aliacha kabisa.

Mimi shule iliniishia darasa la pili, nikaenda River Road kugonga mabati, na bado nagonga. Jumapili napanda Mutuini kumnyoa na kumpelekea viazi vilivyochemshwa. Anaishi kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Watoto wa vyumba vya kupanga wanamrushia mawe wakiimba "Gunia, Gunia", na wazee wenzangu, watu waliokuwa wameketi uwanjani na masikio yao mawili, wananiambia, "Wewe, huyo si aliuza baba yako? Mwache afe." Mnanichekesha. Aliwanyamazia ninyi nyote mkarudi nyumbani kula.

Wamelitoa wapi neno hilo la kuuza? Kwa Muchemi. Leo ni mzee wa kanisa huko Uthiru, kiti cha mbele, koti jeusi. Mwaka huu alisimama kwenye harambee akawaambia vijana kwamba enzi zile ni watoto wa Mutuini waliouzana wenyewe, yeye alikuwa akimwomba Mungu tu. Vijana wakapiga makofi. Hawajui hata gunia lilikuwa nini.

Basi, Mzee Muchemi, nakuita kwa jina lako mbele ya watu. Kwa shule niliyoikosa na jasho langu la mabati sidai kitu, na baba simdai, najua huna. Njoo Mutuini Jumapili yoyote, mchana, na hao vijana wako wa makofi. Useme ni nani aliyemvalisha mtoto gunia, na ulisikia nini kabla ya kupiga saluti. Mimi usiniambie, nilikuwepo. Ingia kwa Njuguna umwambie yeye, masikio yake bado ni mazima.