Kisu cha Kwenye Msumari

Siku yangu ya kwanza kazini niliondoka Temeke kwenye jua kali, koti la sufu begani, majirani wakinicheka: "Ulaya, safari njema!" Jina hilo likanifuata hadi kazini. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ghala la samaki wa kugandishwa, mali ya umma, miaka ile ya Ujamaa ambayo bosi na mfagiaji wote waliitana ndugu.

Msimamizi wa zamu alinionyesha kisu kimoja cha kukunja, kimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Ndicho tulichokatia kamba za katani zilizofunga makreti.

"Ndugu Hamisi," aliniambia, "baridi ya humu si ya mchezo. Vidole vikifa ganzi utajikata usijue. Kikunje kila unapobeba kreti. Na kisu hiki hakipakwi mafuta. Kinafutwa kikauke, basi."

Tulifanya kazi wawili wawili, lakini anayeingia aliingia peke yake. Mwenzake alibaki mlangoni akihesabu dakika. Ndani hapakuwa na mtu wa kusema naye, na mitambo ilinguruma hata ukijiimbia hujisikii. Upweke ule sikuwahi kuuzoea. Nilichokingoja ni mlango ufunguke nimwone Saidi, kaka yangu wa kazini, mtu wa Kimbiji, akiniuliza, "Umeshakuwa samaki?"

Kisu kilipotoka kwenye baridi kuingia kwenye joto kilitoa jasho, na jasho likaleta kutu kwenye bawaba, pale kinapokunjia. Saidi alikuwa akihangaika kukifungua. Siku moja nikataka kumrahisishia. Nyumbani mama alilainisha kufuli kwa mafuta ya nazi, nami nikatia matone mawili. Kikafunguka laini. Nikajiona fundi.

Mafuta ya nazi huganda hata asubuhi ya Juni, seuze mle ndani.

Saidi aliingia. Makreti yakateleza, kamba ikamnasa mkono wa kushoto na kuukaza. Kisu kilikuwa mfukoni, kimekunjwa kama tulivyofundishwa, na hakikufunguka. Alipiga kelele, mitambo ikazimeza. Dakika zilipopita nikaingia, nikaikata kamba kwa shoka la barafu. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha. Hospitali wakavikata.

Kesho yake msimamizi aliuliza, "Kisu kiligoma kwa nini?"

Nikajibu, "Labda kutu, ndugu."

Maneno matatu tu. Saidi alipewa kazi ya getini, kisha akarudi kwao. Aliniagiza mara mbili niende kumtembelea. Sikwenda. Ningemtazama vipi ule mkono? Nikapewa wenzangu wengine wa zamu, watu wazuri, lakini sikumzoea hata mmoja. Mlango ulifunguka nikatoka bila kuulizwa kitu.

Nilipostaafu nilikiomba kile kisu, wakanipa. Kilikaa juu ya kabati miaka, nami nikikitazama kila nilapo chakula peke yangu. Mwaka huu nikakitia mfukoni, nikaenda Kimbiji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ulaya! Bado u hai?"

Nikaweka kisu juu ya mkeka. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kivukoni, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Mafuta nilitia mie."

"Najua," alisema Saidi. "Nilikishika mpaka hospitali. Kilipopata joto kikanukia nazi. Nikasema, huyu mpishi gani anakaanga visu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mke wangu kila sikukuu aliuliza, 'Yule rafiki yako haji?' Kafa anauliza."

Nikalia, mzee mzima. Saidi hakunibembeleza. Alikichukua kisu, akajaribu kukifungua kwa vidole vitatu vya kushoto, kikagoma. Kutu kweli safari hii.

Akamwita binti yake ndani: "Leta mafuta ya nazi!" Kisha akanisogezea kisu. "Huku joto. Paka."