Opali Iliyokunywa Marashi

Nilisema maji. Nilisema mbele ya watu wazima, na sauti yangu haijui kunong'ona: hii pete msiitie maji. Marashi sikuyataja. Nani angekumbuka kutaja marashi?

Pete ilikuja ndani ya begi la mjukuu wangu, lile begi la bibi harusi ambalo upande wa mwanamume walilileta Mikindani siku chache kabla ya ndoa. Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu alizaliwa kwenye mikorosho huku kwetu Mtawanya, akaolewa Mikindani kwenye nyumba ya mawe, akafariki mtoto akiwa bado ananyonya. Mtoto akalelewa na shangazi yake, dada wa baba. Kwa hilo namshukuru yule mwanamke. Kwa mengine, hapana. Tangu siku ya kwanza ananiita "mkwe wa shamba". Ananiita akicheka, nami naitika nikicheka, na hakuna kati yetu anayeona kitu cha kuchekesha.

Begi likafunguliwa. Vitenge, kanga, viatu, mafuta, vikapita mkono kwa mkono. Kisha pete. Ya fedha, na juu yake jiwe la ukubwa wa punje ya haragwe, jeupe la maziwa, ukilipindua linawaka: kijani, rangi ya chungwa, halafu buluu inapita upesi kama samaki aliyeshtuliwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi mtu hakupiga.

"Mkwe," akaniambia, "si wewe ndiye mtu wa mawe? Hebu tuambie, hili ni jiwe au peremende?"

Mtu wa mawe, ndiyo, ni mimi. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilianza kwa kuwauzia vitumbua wachimbaji kule Tunduru, nikaacha vitumbua nikabaki na mawe. Sikufundishwa na mtu mwema hata mmoja. Walionifundisha ni mabroka waliotaka kuniibia, wanakuletea kipande cha chupa wanakiapia kuwa ni yakuti. Opali zilipoanza kutufikia kutoka Uhabeshi, feki zake zilikuwa nyuma yake kama nzi. Nilinunua, nikauza, nikajenga nyumba ya matofali Mtawanya, na hakuna mwanamume aliyenishikia ngazi. Wengine wakisema hayo huongeza: si kwa kujisifu. Mimi najisifu.

Nikaichukua pete nikatoka nayo barazani kwenye mwanga. Kwanza nikalitazama jiwe ubavuni. Kuna opali za kubandika: juu ngozi nyembamba ya jiwe, katikati gundi, chini kitu cheusi. Ukiitazama kwa juu utaapa ni opali tupu. Ubavuni ndipo inapoumbuka, utaona mstari ulionyooka kama wa mkate uliopakwa siagi. Sonara alikuwa ameacha ubavu wazi, na mstari haukuwepo. Nikatoa lenzi yangu. Opali za kiwandani rangi zake zimepangwa magamba magamba, kama ngozi ya kenge, kila gamba sawa na jirani yake. Za hili zilikaa ovyo, doa kubwa hapa, dogo pale, kama watu sokoni. Zilizotiwa rangi, ile rangi hukimbilia kwenye nyufa, kama hina inavyobaki kwenye mipasuko ya kisigino. Hapa nikaona ufa mmoja mdogo, mweupe, hauna kitu. Kioo kingekuwa na mapovu ya duara, nayo plastiki ukiigusisha mdomo inapata joto upesi, tena nyepesi kama uongo. Hayo yote hayakuwepo. Mwisho nikatoa ulimi.

"Astaghfirullah," akasema shangazi mtu. "Anakula pete."

Ulimi ukanasa. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba akatafuna pemba, ule udongo wetu wa kula, anaujua mnaso huo. Opali ya Uhabeshi inanasa hivyo kwa sababu ina vitundu visivyoonekana, nayo ina kiu.

"Ni jiwe," nikasema. "Limetoka ardhini, halijapikwa, halijapakwa. Lakini ni lile linalokunywa. Msilitie maji. Akioga alivue, akiosha vyombo alivue."

Nikarudi kwangu nimeridhika. Kijana mwenyewe, huyo bwana harusi, ni fundi wa kuchomelea, kazi zake zilikuwa huko Mnazi Bay kwenye mabomba ya gesi, na jiwe alipewa na Mhabeshi mmoja waliyefanya kazi pamoja, aliyelileta akitoka likizo kwao. Maelezo hayo yaliingia akilini kabisa.

Jumatatu asubuhi mjukuu akanipigia simu. Hata shikamoo alisahau.

"Bibi, jiwe limekufa."

Nikapanda bodaboda na kanga ya kulalia. Njia nzima nilikuwa nimemshika dereva mabega, namwambia ongeza, naye ananiambia mama utatuua.

Mikindani wana utaratibu wao. Vitu vya dhahabu na fedha vya bibi harusi, vikishashikwashikwa na wageni, vinalazwa kwenye bakuli la marashi ya waridi, na kukicha vinafukizwa udi juu ya chetezo, ili macho ya watu yatoke. Ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Lakini pete ilikuwa kwenye sahani katikati ya mkeka, na juu yake kilikaa kitu kama kipande cha kioo. Jiwe lilikuwa wazi kabisa, unaona fedha ya chini. Maziwa yametoka, moto umezimika.

"Nilisema maji!"

"Na mimi maji sikutia," akasema shangazi mtu. "Nilitia marashi."

"Marashi ni nini kama si maji?"

"Marashi ni marashi, mkwe. Maji yanatoka bombani."

Nilimtazama nikaona hanifanyii ujeuri. Alikuwa anaamini. Kwao marashi hayajawahi kuwa maji hata siku moja. Maji ni ya kufulia nguo. Marashi ni ya kurushia maiti na bibi harusi.

Mkwe wangu, baba wa mtoto, alikuwa amekaa na simu mkononi. "Mama," akaniambia, "nimeangalia humu. Wanasema jiwe halisi halibadiliki. Za feki ndizo zinabadilika zikilowa."

"Hiyo simu imewahi kulamba jiwe?"

Hakucheka. Si mtu mbaya, ila anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa njaa. Akasema mtu anayeanza kwa kumdanganya kwenye pete, mbele atamdanganya kwenye nini? Akasema anangoja mpaka Alhamisi. Jiwe likirudi kama lilivyokuja, sawa. Lisiporudi, Ijumaa hakuna ndoa, na atakwenda mwenyewe kuwaambia upande wa mwanamume.

"Litarudi," nikasema. "Linakauka, linarudi. Nipeni nikalikaushe kwangu."

"Pete haitoki humu, Mama. Isije ikarudi nyingine."

Mimi, nibadilishe pete ya mjukuu wangu! Nikafungua kanga, nikaifunga upya, nikakaa palepale kwenye mkeka. Basi nikawa mgeni wa shangazi mtu.

Alitaka tuianike juani juu ya bati. Nikamkatalia: jua linaipasua opali iliyolowa, inabaki na nyufa kama kikombe cha zamani. Lazima ikauke polepole, kivulini. Nikaifunga kwenye kitambaa cha pamba nikaizika ndani ya kopo la mchele mkavu. Lakini ilikuwa masika, kuta za mawe zinatoka jasho, na hata chumvi mezani ilikuwa imelowa. Mimi kukaa nikangoja siwezi. Nilikuwa nikinyanyuka, nafungua kopo, natazama, nafunga. Naenda mpaka kona ya mtaa, nasahau nilichofuata, narudi, nafungua.

"Mkwe," akasema shangazi mtu, anachambua dagaa, "umekuwa kama mtoto aliyepanda mbegu. Liache lipumue."

"Wewe ndiye uliyelizamisha."

"Na wewe ndiye uliyelilamba. Labda limekufa kwa mate."

Mjukuu wangu alikuwa amewekwa ndani, haruhusiwi kutoka. Nilikwenda kukaa kitandani kwake. Akaniuliza, "Bibi, likiwa feki?"

"Likiwa feki, feki ni mimi."

"Sijaulizia wewe, Bibi. Naulizia yeye."

Alimtaka yule kijana. Hakusema hivyo, lakini alikuwa amejifunga kiunoni ile kanga iliyokuja kwenye begi, na alikuwa ameilalia.

Kesho yake nikafungua kitambaa nikakuta jiwe limekuwa jeupe kama chaki. Ule uwazi umekwenda, lakini rangi hata chembe. Shangazi mtu akachungulia begani kwangu, akasema kwa huruma kweli, "Limekuwa yai la kuchemsha." Nikamwambia linapita huko kabla ya kurudi, nilishaona. Nilikuwa nimeona kweli. Lakini nilikuwa nimeona pia yaliyobaki chaki milele, kwa sababu yalikunywa mafuta, na mafuta hayatoki.

Hapo wasiwasi ukanishika barabara. Siku hizi kuna marashi ya dukani wanayochanganya na mafuta. "Chupa iko wapi?" nikauliza. Akaniletea. Nikamimina kiganjani, nikasugua, nikangoja. Yakakauka bila kuteleza. Nikasugua tena, nikanusa, nikapaka kwenye karatasi ya sukari nione kama itabaki doa. Halikubaki. Nikavuta pumzi, dakika mbili tu, kisha nikaanza kufikiria udi. Moshi nao unaingia.

Jumatano kijana akaja mwenyewe. Habari ilikuwa imemfikia, Mikindani haina siri. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, akanipa shikamoo, akampa mkwe wangu shikamoo, hakukaribishwa kukaa.

"Mzee, mimi mawe siyajui," akasema. "Namjua aliyenipa. Kama shida ni pete, nitaleta nyingine. Kama shida ni mimi, niambieni nijue."

Shangazi mtu aliinama akaanza kupanga vikombe vilivyokwishapangwa. Nyuma ya pazia nilisikia kitanda kikilia, mtoto amekaa wima anasikiliza. Kijana akaaga. Viatu vyake viliacha matope barazani, na shangazi mtu akayafagia mwenyewe, yeye anayelalamikia hata unyayo wa kuku.

Alhamisi mvua ikakata. Nikahama na kopo, nikaliweka dirishani kwenye upepo. Baada ya adhuhuri nilikuwa nimechoka na macho yangu mwenyewe, natazama sioni ninachotazama. Nikampelekea mjukuu ndani, nikamwambia, "Shika wewe, mimi nimeshakuwa kipofu."

Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaligeuza tena.

"Bibi. Kuna kijani."

Lilikuwa doa dogo pembeni kabisa, karibu na fedha, kama kichwa cha kiberiti. Nikatoka nalo mbio, na magoti haya. Nikamwekea mkwe wangu mkononi.

Akavaa miwani. "Hiki tu?"

"Hicho tu. Sasa niambie, kioo kinafanya hivyo? Plastiki inakauka ikawaka? Feki ikiharibika imeharibika, haina pa kurudi. Hili linarudi kwa sababu hizo rangi ni zake. Kaa nalo. Usilitazame kwenye simu, litazame lenyewe."

Akakaa nalo. Sikuwahi kumwona mtu yule akikaa na kitu. Mpaka alasiri kijani kilikuwa kimetambaa katikati, na nyuma yake ikaja ile ya chungwa, kidogo kidogo. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. Kisha akachukua simu akampigia kijana, akamwambia kesho baada ya sala kama tulivyopanga.

Alitaka kukata. Nikamshika mkono. "Bado. Kijana wa watu ameitwa tapeli ndani ya nyumba hii, na tunajua nani alilowesha jiwe." Nikamtazama shangazi mtu.

Nilijua atakataa, nikawa nimeshajiandaa na maneno yangu. Lakini alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu, akaishika kama kitu cha moto.

"Mwanangu," akasema. "Marashi ni maji."

Tulimsikia kijana upande wa pili: "Shikamoo shangazi. Sijaelewa."

"Marahaba. Utaelewa ukishaoa." Akakata, akaniambia bila kunitazama, "Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Basi kale wali. Tangu Jumatatu umeukalia mchele wangu."

Ndoa ilifungwa. Jiwe lilikuwa bado na upande mmoja mweupe alipovalishwa, na hakuna mgeni aliyejua. Baadaye rangi zote zilirudi, ila maziwa yake hayakuwa yaleyale. Yamekuwa na uasali kidogo, rangi ya asali. Ni ule moshi wa udi, ulipita ndani ukabaki. Na hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Wako watu wanaofukiza opali makusudi ili ziwe nyeusi, wauze bei nyingine, na mawe ya namna hiyo niliyakataa miaka yote bila kubembeleza mtu. Leo pete ile ikiletwa na mtu nisiyemjua, nitaitazama, nitaona ule uasali, nitamwambia hili limechezewa, ondoka nalo. Nitakuwa nimesema kweli. Na waliolichezea ni sisi.

Nikienda kwao nashindwa kukaa kabla sijaliona. Nalipindua, nalitazama ubavuni, nalinusa. Bado lina waridi kwa mbali. Mjukuu wangu amezoea. Nikifika mlangoni ananipa kwanza mkono wa pete, shikamoo inafuata baadaye.