Farasi Asiyelala Chini

Miaka ya hamsini nilifanya kazi Jinja kwa seremala mmoja, Kalasinga, aliyekuwa na farasi wa kuvuta gari la maharusi. Mimi nilitoka Mbale, nilikokua na maksai. Kwetu maksai akichoka hulala chini, na anayempiga hapo huonekana mkatili. Farasi huyu sikumwona akilala hata mara moja. Usingizi wenyewe aliupata akiwa wima. Nikaamua kwamba hachoki.

Jumamosi moja, baada ya arusi, tajiri wangu aliniambia nirudishe gari nyumbani. Badala yake nikapakia watu sita kwenda Bugembe, kwa raha tu. Njiani mama mmoja akaniuliza, "Bwana, huyu hachoki?"

"Akichoka atalala, mama."

"Huyu ni askari wa lindo," abiria mwingine akasema. "Analala wima." Wakacheka.

Yule mama hakucheka. "Mbona miguu inatetemeka? Nishushe, nitatembea." Nikamshusha, nikaendelea.

Kwenye mwinuko farasi akasimama. Nikangoja alale nijue kweli amechoka. Hakulala, nikampiga kiboko. Akabaki palepale, kichwa chini, povu jeupe kifuani. Ndipo nikawateremsha wote, nikamrudisha polepole na gari tupu.

Tajiri aliniuliza mbona tumechelewa, na kama farasi alionyesha dalili yoyote ya kuchoka.

"Hapana, bwana," nikasema.

Aliniamini. Asubuhi yake kulikuwa na arusi nyingine, akamfunga tena garini.