Ndizi Zangu Kwenye Picha ya Bibi wa Misheni

Chekeni tu, maana pale Iyula walishacheka wote, ila hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Bibi wa misheni, mke wa mchungaji mzungu, alikuja kwangu akaomba nimwazime kikapu changu chenye ukingo mwekundu (nilikisuka mwenyewe, hakuna mwenye kingine kama kile), nikijaze chakula akichore, nami kwa kujidai nikachagua ndizi zilizoiva vizuri, papai na mahindi mabichi, nikampelekea.

Jumapili ya mavuno nikavaa gauni jeupe jipya, nikakaa mbele na wazazi wa kijana aliyekuwa akimposa binti yangu Eliza, waliotoka Msangano, ambao baada ya ibada walikuwa waje kula kwangu. Bibi akafunua picha aliyoitundika mbele ya kanisa. Jamani! Kikapu ni changu, lakini ndizi zimeoza nyeusi, papai limepasuka, na nzi wamejaa kama jalalani! Kumbe aliviacha makusudi vioze ndipo achore.

"Nzi ni dhambi," akatueleza, "na ndizi hizi ni mwili wetu, leo mzuri, kesho umeoza."

Nani alimsikiliza? Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Si kikapu cha Mama Eliza kile?" Na yule mama mkwe mtarajiwa akamuuliza mumewe, bila hata kushusha sauti, "Ndiko tunakoenda kula?"

Nikainuka, nikaing'oa ile picha, nikaikumbatia kifuani nitoke nayo nje, wala sikujua rangi zile za mafuta za wazungu hukaa siku nyingi hazijakauka, na mlangoni ikaniponyoka, nikageuka kuiokota, kanisa zima likaona nzi na ndizi zilizooza zimehamia kwenye gauni langu. Hata mchungaji alicheka (nilimwona, asikatae).

Bibi akanifuata nje akilia. "Mama Eliza, umeharibu picha yangu!"

"Na wewe umeharibu jina langu! Kama ulitaka uozo, ungechora vya jikoni kwako!"

Wakwe hawakula. Walisema wameshiba, watu waliokuwa safarini tangu juzi! Posa ilikuja kuendelea, maana kijana alikuwa king'ang'anizi, lakini kuku niliowachinjia wakwe tuliwala wenyewe, mimi natafuna kwa hasira huku nanuka rangi. Atakayekuja tena kuniomba chakula cha kuchora, awe mzungu awe nani, nitampa kiti, nitamnawisha mikono, kisha nitasimama pale pale mpaka amalize kula.