Majina Katika Ripoti ya Baba

Baba yangu, Alimasi, alikuwa mtu msumbufu, na mimi Riziki, bintiye, nasema hivyo kwa mapenzi. Tangu uhuru alikuwa karani wa wakulima wa michikichi hapa Rumonge. Kazi nyingine alijipa mwenyewe, bila kuombwa na mtu: kuchunguza debe la kupimia la wanunuzi wa mawese. Walikuwa wamelitanua ubavuni. Mkulima alimimina debe moja na robo, wakamhesabia moja.

Ripoti yake ya kwanza ilirudishwa kutoka Bujumbura. "Wakulima gani hao? Umewatunga," mkubwa mmoja wa ofisi alimwambia. Baba alinuna wiki nzima, nyumbani tukawa tunamkwepa. Kisha akapanda baiskeli, akazunguka Kizuka, Gatete na Minago, akamwandika kila shahidi kikamilifu: jina lake, jina la baba yake, kilima chake, na alama ya dole gumba. Watu thelathini na mmoja. Mulamba wa Minago alikutwa na homa, hivyo Baba alirudi kesho yake ili naye asikose. Akamwandika wa mwisho. Ripoti ilipelekwa Machi 1972, na Baba alijivuna, maskini, alijivuna kweli.

Aprili vita vya waasi na serikali vikazuka. Mwezi wa Mei askari wa serikali walikuja na malori, wakasimama sokoni kusoma majina kwenye karatasi. Jina la tatu lilimshtua Baba. La nne alilitamka kimoyomoyo kabla halijasomwa. Mpangilio ulikuwa ule wa ripoti yake mwenyewe, mpaka kwa Mulamba. Baba mwenyewe hakuwamo, kwa kuwa mwandishi hajiandiki.

Alimwendea mkubwa wao. "Chefu, hawa walilalamikia debe tu."

"Si walilalamika?" akajibiwa, akasukumwa pembeni kwa kitako cha bunduki. Malori yakaondoka na walioitwa. Angefanya nini? Nimejiuliza miaka yote.

Julai, mwanamke aitwaye Sikujua, mke wa Mulamba, alikuja kwetu kwa miguu kutoka Minago.

"Amahoro, Baba Riziki. Weye unajua kuandika. Niandikie barua ku biro ya serikali, waniambie bwana yangu iko wapi. Weka jina yake yote, na ya baba yake, na kilima, wasimuchanganye na mungine."

Baba alichukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena. Mke wa Mulamba alikuwa ameshanyoosha dole gumba, anangoja wino.