Siku Nilipoandikwa Kiazi Daraja la Pili

Jamani, hii aibu nimeificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa watu wa Makambako wanaisimulia kila siku (tena wanaongeza chumvi), bora niiseme mwenyewe.

Mimi, Yohanes, ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi Kifanya. Walitujia vijana wawili na mradi wao wa blokcheni, yaani daftari la kwenye mtandao ambalo ukishaandika kitu hakuna wa kukifuta. Wakauliza nani ameelewa. Mimi, kwa kuogopa tu katibu asionekane mshamba, nikanyoosha mkono! Hapohapo wakanivalisha fulana yao na kunipa kazi ya kuwaelezea wafanyabiashara wa Makambako, ili wanunue viazi vyetu kwa simu bila kuja kuvikagua.

Siku ilipofika ukumbi ukajaa, na mbele kabisa amekaa Mzee Shabani, ambaye malori yake ndiyo yanabeba karibu viazi vyetu vyote, kwa hiyo akisusa yeye tumekwisha. Nikaanza kwa mbwembwe, "Daftari hili halifutiki!" nikarudia halifutiki, halifutiki (ndilo neno pekee nililokuwa nimelishika vizuri), nikaweka gunia mezani, nikajaza taarifa zake kwenye simu, na vile visanduku vya kujazia vyenyewe vidogo, nikabonyeza.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nikageuka kutazama ukutani, projekta inaonyesha: Bidhaa: Yohanes. Daraja: la pili. Hali: mbichi. Muuzaji: Viazi.

"Si ufute tu, mwanangu," akasema Mama Mgaya, mwenyekiti wetu, kwa huruma.

Nikawatazama wale vijana, nao wakatazama viatu vyao. "Haifutiki, mama," mmoja akanong'ona.

Mzee Shabani akasimama, anafuta machozi ya kucheka. "Mimi kwenye daftari langu ningekata kwa kalamu yakaisha. Sasa niambie, nani ameiambia hiyo simu kwamba gunia hili ni la daraja la pili?"

"Mimi, mzee."

"Na gunia ni la nani?"

"Langu."

Akalimwaga palepale sakafuni. Juu vilikuwa vimelala viazi vikubwa vya kupendeza, na chini vikafuata vidogo kama golori, na udongo wa kutosha kuotesha maua.

"Kumbe kisichofutika ni uongo wako!" akasema, na hapo hata mke wangu, aliyekuja kunishangilia, alicheka mpaka akashikilia kiti. Mwishowe nikacheka na mimi, ningefanyaje?

Mzee hakutususa. Alisema ataendelea kununua, ila kila gunia limwagwe kwanza, na wa kumwaga ni mimi. Kwa hiyo kila siku ya mzigo niko Makambako namwaga magunia, na wapakiaji wananisalimia kwa mbali, "Kamwene, Daraja la Pili!" Naitika. Wale vijana nao walijitahidi kurekebisha, wakaandika taarifa mpya chini ya ile ya zamani, sasa nimo humo mara mbili, kama kiazi na kama muuzaji.

Naapa sitasifia tena kitu nisichokielewa. Akija mwingine na mradi wake mpya nitamkaribisha chai, halafu nitamwomba aniambie kwa Kiswahili cha kawaida unamsaidia nini mtu mwenye macho na mikono miwili, na akishindwa, basi amalize chai yake tu.