Mlango Alioangukia Mungu wa Radi

Shemeji yangu ni fundi wa vitasa na funguo, na katika uchochoro wetu hakuna anayeshuku watu kumzidi yeye. Ukimsalimia mara mbili kwa siku, anajiuliza ile ya pili ilikuwa ya nini. Watu wanamwita Mama Kufuli, wala hakasiriki. Nadhani anakichukulia kama cheo. Mimi ni fundi viatu, mdogo wa marehemu mumewe, na kibanda changu kinatazamana na mlango wake. Niliyoyaona nayasimulia, na ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe baadaye.

Kila mteja humpa nasaha moja, ameuliza au hajauliza: "Mtu akihama na ufunguo, badilisha kitasa siku hiyo hiyo." Huwaambia wapangaji, huwaambia hata maharusi. Lakini binti yake wa pekee aliondoka na ufunguo miaka mitatu iliyopita, na kitasa kikabaki kile kile. Uchochoro mzima ulikuwa unalijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

Aliondoka hivi. Nyumba ya mteja mmoja iliibiwa bila mlango kuvunjwa. Shemeji akamgeukia binti, aliyekuwa akimsaidia kuchonga funguo, akamuuliza mbele yangu: "Ulimchongea nani kopi?" Mtoto alivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba mwizi alikuwa mpwa wa mwenye nyumba, tena alitumia ufunguo wa mjomba wake. Nikamwambia shemeji ampigie mtoto amwombe radhi. Akasema simu yake haina chaji. Simu gani hiyo inayokosa chaji miaka mitatu?

Basi mwezi uliopita akatokea bwana mmoja wa kofia pana, kamera shingoni, daftari mkononi. Akapiga picha mabati, akapiga picha mtaro, akapiga picha ngazi tatu za shemeji. Nikajua tu, hawa ni wapima viwanja, tumekwisha. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mahali pa kuangukia mungu," akasema.

"Mungu gani?"

"Ni sinema, mzee. Mambo ya miungu ya zamani ya watu wa kaskazini, kule kwenye barafu. Huyu ni mungu wa radi, ana nyundo, ana nguvu za kutisha, lakini kiburi kimemjaa. Baba yake anamfukuza mbinguni. Sasa lazima aanguke mahali."

"Na dunia yote hii, mtu wa barafu aje aanguke kwetu, na jua hili?"

Bwana Kofia akacheka. "Kule kwao hakutusumbui. Majumba ya dhahabu na daraja la upinde wa mvua yanatengenezwa kwenye kompyuta. Kazi iko huku chini. Akianguka katikati ya maghorofa, nani atamwona? Akianguka hapa, ngazi tatu na mlango mmoja, utaona alivyo mkubwa. Na utaona alivyopoteza kila kitu."

Maelezo yalinyooka, na hapo ndipo nilipozidi kupata wasiwasi. Ukweli wa watu ninaowajua huwa haunyooki hivyo.

Shemeji alikuwa ameshatoka, tupa ya kuchongea funguo mkononi. "Kwa nini mlango wangu?"

"Umependekezwa, mama."

"Na nani?"

"Mwenzetu mmoja anayetafuta mandhari. Ameomba nisimtaje kwanza."

Kumwambia Mama Kufuli kwamba kuna jina linafichwa ni kujitafutia balaa. Na yule bwana hakuishia hapo. Akaugusa mlango, akasema kwa furaha, "Huu ndio ule wa kuinua kidogo ndipo ufunguke, siyo?"

Shemeji akabadilika uso. Ni kweli mlango ule umelegea bawaba, lazima uuinue kwa mkono wakati unazungusha ufunguo, lakini hilo hulijui mpaka uwe umelala nyumba ile. Bwana Kofia alipoondoka, akanivuta pembeni.

"Ule ufunguo wa mtoto umefika mikononi mwa watu," akasema. "Ameibiwa, au ameutoa."

"Au pengine ni yeye mwenyewe…"

"Yeye angekuja. Miguu anayo."

Nilidhani atawakatalia. Akawakubalia, tena haraka. "Nikiwakatalia watakuja nisipokuwepo," akaniambia. "Wacha waje niwaone."

Siku ya kupiga picha, asubuhi na mapema, nilimkuta amepiga magoti mlangoni na bisibisi. Alikuwa anang'oa kitasa cha zamani na kuweka kipya. Kazi ambayo humchukua dakika kumi ilimchukua karibu saa nzima. Skrubu zilimponyoka mara mbili. Sikumsemesha, na mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Yakaja malori mawili ya watu wa sinema. Wakamwaga povu jeupe kwenye ngazi, ati theluji aliyokuja nayo yule mungu. Mungu mwenyewe alikuwa kijana mrefu aliyevikwa manyoya, ndevu za kubandika zinachuruzika jasho, maskini. Nyundo yake niliibeba kwa vidole viwili; ilikuwa sponji. Shemeji alijifungia ndani, akawa anachungulia dirishani.

Mchana wakapumzika. Nyuma ya lori akatokea binti, makaratasi kwapani, kitambulisho cha kazi kifuani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," nikasema, na sindano ikanichoma kidole.

Akapanda ngazi, akalikanyaga lile povu. Hakubisha hodi. Akatoa ufunguo aliouvaa shingoni, akauinua mlango kidogo, kama wanavyofanya wa nyumba ile, akazungusha. Haukwenda. Akajaribu tena.

Ndani, shemeji alikuwa anakunywa chai. Funguo zake huzimalizia kwa tupa, kwa mkono, na anasema ule aliouchonga mwenyewe anaujua kwa mkwaruzo wake kitasani. Kabla ya jaribio la pili alikuwa ameshasimama. Akakimbilia mlango, na fundi mzima akababaika na kitasa chake kipya mpaka kikafunguka.

"Shikamoo, mama."

Shemeji akautazama ule ufunguo wa zamani.

"Umebadilisha," binti akasema.

"Leo asubuhi."

"Leo?"

"Yule bwana alijua mlango unainuliwa. Nikadhani…"

"Mimi ndiye niliyemwambia. Walitaka mahali pa kuangukia mtu aliyefukuzwa na mzazi wake. Wenzangu wakaleta picha za majangwa. Mimi nikasema najua mlango ambao kitasa chake hakijabadilishwa. Niliona aibu kuja mikono mitupu, nikaona nije na kazi."

Shemeji akanitupia jicho, nami nikainamia kiatu. Ni kweli, mara mojamoja mtoto alikuwa akinipigia. Swali lake lilikuwa moja: kitasa? Nami nilimjibu: kile kile.

Binti akaingia, akauweka ufunguo mezani, karibu na kikombe. "Huu hauna kazi tena," akasema, akarudi kwa wenzake.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikavuka uchochoro. "Shemeji! Miaka mitatu unamngoja, na siku anayokuja ndiyo unabadilisha? Ulimwita mwizi, hukuomba radhi, leo umemfungia nje!"

Shemeji akachukua bisibisi, akang'oa kitasa kipya, akarudisha cha zamani. Kisha akafunga mlango, akasimama kwa ndani akisikiliza mkwaruzo wa ufunguo. Alisimama hivyo muda mrefu kabla hajageuka na kuuona ufunguo mezani.

Huko nje walikuwa wamekwisha kuanza. Mwongozaji wa sinema alishapiga kelele watu wote kimya, na mungu wa radi amelala ngazini katika povu. Mlango ukafunguliwa, shemeji akatoka na aproni yake, akauvuta nyuma yake ukajifunga, akamruka mungu. Mwongozaji akapaza sauti. Akapita mbele ya kamera kama hazipo, mpaka aliposimama binti yake, akamshika mkono, akamtilia ufunguo, akamfumba vidole.

"Nilikukosea," akasema, na kila mtu akasikia. "Nimekirudisha. Kajaribu."

Binti akamtazama mwongozaji, akatazama mlango. Mungu wa radi, ndevu zimekwenda upande, akakunja miguu kumpisha. Binti akapanda ngazi, akauinua mlango kidogo, na ufunguo ukazunguka.